Usiisugue Kwanza: Tunavyozipima Sarafu za Kale za Uingereza

Wateja wengi wanaotuletea sarafu za Kiingereza hapa dukani Mombasa huja na maswali mawili: ni ya mwaka gani, na ni milioni ngapi. La kwanza linajibika papo hapo, maana mwaka umeandikwa. La pili ndilo linalotufanya tuvute viti tukae.

Sarafu hizi zimo majumbani kuliko watu wanavyodhani. Babu aliyekuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mjomba aliyekuwa baharia, shangazi aliyesomea uuguzi Uingereza miaka ya 60, kila mmoja alirudi na chenji mfukoni, na chenji ile ikaishia kwenye kopo la biskuti. Leo wajukuu wanalifungua kopo, wanaona kichwa cha mfalme na mwaka 1912, wanaingia mtandaoni, na video ya kwanza inawaambia peni moja ya zamani imeuzwa kwa bei ya nyumba.

Ni kweli kuna peni ya namna hiyo, lakini si ya 1912. Peni za mwaka huo zilipigwa kwa makumi ya mamilioni, na Uingereza wauzaji wengi huziweka za aina hiyo kwenye beseni mlangoni, mteja akajichagulia. Peni inayozungumzwa ni ya 1933. Mwaka huo hazina ya peni ilikuwa imejaa, hakukuwa na haja ya kupiga nyingine kwa matumizi ya watu. Zikapigwa chache tu, nyingine za kufukiwa chini ya mawe ya msingi ya majengo mapya, kama ilivyokuwa desturi. Zinazojulikana ni kama saba hivi, na moja iliibwa mwaka 1970 kutoka chini ya msingi wa kanisa huko Leeds. Kwa hiyo ukiletewa peni ya 1933 na mtu asiyekuwa na haraka ya kuongea, chukua lenzi uiangalie ile 3 ya mwisho. Mara nyingi ni tarakimu nyingine iliyochongwa, na ukiigeuza kwenye mwanga utaona shaba yake imechimbika pale mchongaji alipopita.

Umri peke yake hauleti bei. Sarafu ndogo za shaba za Warumi zina zaidi ya miaka 1,600 na bado nyingi zinauzwa kwa bei ambayo kijana wa chuo anaimudu. Kinacholeta bei ni ngapi zimebaki, zimebaki katika hali gani, na wangapi wanazitafuta. Hilo la pili, la hali, ndilo lililo mikononi mwa mwenye sarafu, na ndilo watu wanaloliharibu kwa mikono yao.

Tatizo kubwa tunalokutana nalo dukani si sarafu bandia, ni sarafu iliyosuguliwa. Mama mmoja wa makamo alituletea nusu krauni, sarafu ya fedha, ya Malkia Victoria ya 1887, ile yenye taji dogo kichwani, inang'aa kama kijiko kipya. "Mwanangu, nimekuletea ikiwa safi," akasema. "Nimeipiga dawa ya meno mpaka ikatakata." Tukaiweka chini ya lenzi, tukamwita naye aangalie. Shavuni mwa malkia kulikuwa na mikwaruzo myembamba, yote imelala upande mmoja, kufuata mkono uliosugua. Nywele zilizo juu ya sikio zilikuwa zimelainika, hazihesabiki tena. Na ndani ya herufi za VICTORIA DEI GRATIA kulikuwa na unga mweupe wa dawa ya meno uliokauka. Fedha ilikuwa halali, mwaka halali, lakini mkusanyaji akiiona anairudisha mezani.

Sababu yake ni hii. Sarafu inapopigwa, chuma cha muhuri hukibana kibati kwa nguvu nyingi, na madini hutambaa kutoka katikati kwenda ukingoni. Kutambaa huko huacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu mpya unapoigeuza. Mistari ile ikisuguliwa imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha. Ule weusi au urujuani unaokuja na miaka ni utando mwembamba sana juu ya fedha, na kahawia ya peni ni hivyohivyo juu ya shaba. Mkusanyaji anaupenda utando huo kwa sababu unamwonyesha kuwa sarafu haijachezewa. Wewe unaona uchafu, yeye anaona hati.

Kwa hiyo ndimu, ukwaju, majivu, soda ya kuokea, dawa ya kung'arisha vyombo vya shaba, vyote viacheni jikoni. Sarafu ikiwa na mchanga, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, kisha ikaushe kwa kuigandamiza kitambaa laini bila kusugua. Ikiwa na gundi au mafuta, asetoni safi inasaidia, kwenye chombo cha glasi, dirisha wazi na mbali na moto. Zaidi ya hapo usifanye. Madoa ya kijani yanayochimba tuletee tuyaone kabla hujayagusa.

Na kuhifadhi, hasa kwa sisi wa pwani wenye hewa ya chumvi, ni nusu ya kazi. Vile vifuko laini vya plastiki vinavyonukia vipya vimetengenezwa kwa PVC. Baada ya miaka huachia asidi, sarafu ikavaa utelezi wa kijani. Tumia kadi zenye dirisha la plastiki isiyo na PVC au bahasha za karatasi isiyo na asidi, ziweke ndani ya kopo linalofunga sawasawa, na utupie humo vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Sarafu ishikwe ukingoni. Jasho la kidole huacha alama ambayo mwaka ujao itakuwa imeingia kwenye shaba.

Sasa tuje kwenye burudani yenyewe, maana wengi hudhani kukusanya sarafu ni mambo ya matajiri. Anayeanza tunamshauri aanze na peni, na hatuna shida kusema kwamba hapo hatupati faida kubwa. Peni ya zamani ni pana, milimita 31 hivi, nzito ya kushika, na imejaa mambo ya kusoma. Kabla ya tarehe 15 Februari 1971 pauni moja ya Uingereza ilikuwa shilingi 20, na kila shilingi ilikuwa peni 12, kwa hiyo peni 240 kwa pauni. Tangu 1860 peni zilipigwa kwa shaba iliyochanganywa na bati na zinki kidogo, na tatu zina uzito wa aunsi moja. Benki za huko ziliweza kupima mifuko ya peni kwenye mizani badala ya kuhesabu.

Igeuze upande wa nyuma. Yule mwanamke aliyeketi na ngao na mkuki wa ncha tatu ni Britannia. Kwenye peni za Victoria za kuanzia 1860 kuna mnara wa taa upande mmoja na jahazi upande wa pili. Mwaka 1895 vyote viwili viliondolewa. Mnara ulirudi 1937, kwenye peni za George wa Sita, lakini jahazi halikurudi. Mtoto wa darasa la nne akishaonyeshwa hilo mara moja, anaweza kuziainisha peni za familia nzima juu ya mkeka.

Mchezo wa wengi ni kupata peni moja ya kila mwaka kuanzia 1902, zilipoanza za Edward wa Saba, hadi 1967. Mapengo yapo, usihangaike kuyatafuta: peni za 1923, 1924 na 1925 hazikupigwa, wala za 1941 hadi 1943, wala za 1955 hadi 1960. Za 1933, 1952 na 1954 nazo zisahau, hazikutoka kwa matumizi ya watu. Ya 1953 ilitoka kwenye seti za kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili tu. Zitakazokusumbua ni ya 1950, iliyopigwa 240,000, na ya 1951, iliyopigwa 120,000, ambazo nyingi zilipelekwa Bermuda. Hizo ndizo utakazozitolea pesa. Nyingine zote utazipata kwa bei ya kawaida, ukiwa na subira.

Ukishazoea, macho yataanza kuona herufi. Peni za 1912, 1918 na 1919 nyingine zina H ndogo kushoto mwa mwaka, na za 1918 na 1919 nyingine zina KN. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham na KN ni Kings Norton wa mji huohuo, waliosaidia kiwanda cha serikali kilipozidiwa. Peni yenye herufi hizo, hasa KN ambayo haijachakaa, ina bei nzuri kuliko dada zake wasio na herufi. Na H ileile utaikuta kwenye rupia ya Mombasa ya 1888, iliyopigwa kwa jina la kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani hii wakati huo. Rupia hiyo ikiingia dukani huwa haimalizi wiki.

Kuna jambo moja la pwani yetu ambalo wakusanyaji wa Uingereza wenyewe hutuonea wivu. Edward wa Nane alikuwa mfalme mwaka 1936 kwa chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu mwezi Desemba kabla sarafu zenye sura yake hazijatolewa huko kwao. Anayekusanya wafalme wote hukwama hapo. Lakini senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji kichwa cha mtu, jina tu lilitosha. Kwa hiyo za 1936 zilitoka zimeandikwa EDWARDVS VIII, zikazunguka masokoni kwetu huku London hawana hata moja mfukoni. Angalia jina vizuri, kwa sababu mwaka huohuo kuna za George wa Tano pia. Zilipigwa nyingi na bei yake ni ndogo, lakini kwenye albamu ya sarafu za Kiingereza zinaziba pengo ambalo bila hizo lingebaki wazi.

Fedha ni habari nyingine. Shilingi, florini na nusu krauni za Uingereza zilizopigwa hadi 1919 zina fedha asilimia 92.5. Kuanzia 1920 ikashushwa hadi asilimia 50, na tangu 1947 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Kwa hiyo nusu krauni tatu zinazofanana machoni, ya 1918, ya 1935 na ya 1950, zote gramu 14 na kidogo, ni bidhaa tatu tofauti. Shilingi yetu ya zamani yenye simba, ya 1921 hadi 1946, ilikuwa na asilimia 25. Sonara atakupa bei ya uzito tu. Hatumlaumu, ndiyo kazi yake, na kwa sarafu iliyolika hadi mwaka hausomeki hata sisi hatuna bei iliyo bora zaidi. Ila pita kwetu kwanza, kwa sababu kilichoyeyushwa hakina mwaka tena.

Pauni ya dhahabu tunaiangalia kwa tahadhari kubwa. Ile yenye Mtakatifu George juu ya farasi akipambana na joka, mchoro wa Benedetto Pistrucci ulioanza 1817, ina uzito wa gramu 7.98 na dhahabu ya karati 22. Nyingi tunazoziona hapa zimetoka kwenye mikufu ya akina bibi, zimetobolewa au kulehemiwa kikonyo. Hizo ni bei ya dhahabu, hata mwaka wake uwe adimu vipi. Na kuna bandia zilizopigwa Beirut katikati ya karne iliyopita ambazo zina dhahabu halisi, kwa hiyo kuipima kwa mizani peke yake hakutoshi. Tunaangalia meno ya ukingo, herufi, na ncha za mkia wa farasi.

Ukitaka tukuangalizie bila kufunga safari, tutumie picha za pande zote mbili, zilizopigwa mchana karibu na dirisha, bila flashi, sarafu ikiwa juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula. Kama kuna mizani ya sonara karibu nawe, ongeza uzito. Jaribu na sumaku pia: peni za kale na sarafu za fedha hazivutwi, ikivutwa tueleze. Sarafu moja moja tunatathmini bure. Mkusanyiko mzima tunauandikia orodha yenye mwaka, hali na bei tunayoweza kutoa, na orodha hiyo ni yako hata ukiamua kumuuzia mwingine. Kwa makopo yaliyojaa njoo Jumamosi baada ya adhuhuri, kaunta inapokuwa tulivu, na uje na yule mzee wa nyumbani anayejua zilitoka wapi.