Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kijiwe cha Bodaboda

Wajukuu zangu,

Wiki iliyopita tulimpeleka mwenzenu hospitali akiwa hajitambui, na alipopimwa sukari ikakutwa imepanda kupita kiasi. Ndipo mkewe aliponieleza kwamba kwa miaka miwili mumewe alikuwa akinunua vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume, akiamini kwamba ugonjwa wake ni wa chumbani tu. Nimeudhika, wala sifichi.

Hizo mnazoziita nguvu za kiume hutegemea, pamoja na mambo mengine, homoni ya testosteroni, ambayo hutengenezwa na korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Homoni hiyo huimarisha mifupa, hujenga misuli na huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, kwa hiyo inapopungua mwanamume huweza kuishiwa damu, mifupa ikawa myepesi kuvunjika, akachoka bila kazi, na akaingiwa na huzuni na hasira ambazo nyumbani huhesabiwa kuwa ni tabia mbaya.

Linaloniuma zaidi ni kitambi. Mafuta ya mwilini hugeuza testosteroni kuwa estrojeni, yaani homoni ya kike, na testosteroni ikishapungua mafuta huzidi, hadi kisukari kikapata njia. Mwenzenu alishinda juu ya pikipiki tangu alfajiri, mchana soda mbili, usiku chipsi mayai, nasi wazee tukamsifu kwamba ndoa imemkubali! Lawama hiyo ni yetu pia, kwani tulimfundisha kuwa mwanamume halalamiki, hata siri asiyothubutu kumwambia daktari akaenda kumwambia muuza vumbi la Kongo wa stendi.

Pombe nyingi na kukosa usingizi nako huishusha testosteroni. Nanyi mnaoulizia sindano za testosteroni ili mtune vifua, jueni kwamba homoni ya kuchomwa huifanya ile tezi iache kuziamuru korodani, na mbegu zikapungua au zikatoweka. Anayetafuta mtoto asiiguse.

Kipimo cha homoni hiyo ni cha damu, nacho huchukuliwa asubuhi, wakati homoni iko juu, kisha hurudiwa siku nyingine kabla daktari hajaamua lolote. Pimeni sukari na presha papo hapo, maana uume unaolegea huweza kuwa dalili ya mapema ya maradhi ya moyo. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nitakuwa kituo cha afya. Atakayeona haya aje tukae benchi moja, na akiulizwa aseme amemsindikiza babu.