Umri wa matumbawe ya kale usipimwe kwa kaboni

Mhariri,

Anayetaka kujua bahari ilifika wapi zamani asipeleke jiwe la matumbawe la Mombasa au Unguja kupimwa umri kwa kaboni-14, yaani kaboni ya mionzi inayopungua kadiri miaka inavyopita. Kipimo hicho hukomea miaka 50,000 hivi. Asilimia 1 tu ya kaboni mpya, iliyopenya na maji ya mvua, hulifanya jiwe la kale mno lionekane la miaka 37,000, na inasikitisha namba hiyo ikiaminiwa.

Itumike urani na thoriamu: urani iliyomo ndani ya tumbawe hugeuka polepole kuwa thoriamu, na kiasi cha thoriamu huonyesha umri. Kwanza hakikisha tumbawe bado ni aragoniti, madini ambayo tumbawe hujijengea. Likishageuka kalsiti, umbo jingine la madini hayo, huenda urani imeingia au kutoka. Chagua lililosimama pale lilipoota, si lililosombwa na dhoruba. Kisha pima kimo chake kutoka wastani wa usawa wa bahari, ujumlishe kina ambacho aina hiyo huishi.

Msomaji, Mombasa