Kofia "Haifungi", Miwani ya Jua "Inatosha": Kinga ya Macho na Ngozi kwa Anayeanza Kuchomelea Nyumbani

"Kaka, mmeniuzia kofia feki, haifungi." Maneno haya kuhusu kofia ya otomatiki ya kuchomelea, ile ambayo kioo chake hujitia giza ("hufunga") moto ukiwaka, tunayasikia dukani kwetu Gerezani, Dar es Salaam, karibu kila wiki, tangu mashine ndogo za kuchomelea za inveta ziliposhuka bei na watu kuanza kujichomelea wenyewe mabanda ya kuku na grili za madirisha. Mteja wa juzi alifika amefura, na alikwisha kututangaza kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wake kwamba sisi ni wezi. Tukaipokea kofia, tukaigeuza. Kitufe cha pembeni kilikuwa kwenye "GRIND". Hapo ni pa kusagia na grenda: kioo kinabaki namba 4 (namba ni kiwango cha giza, kubwa ndiyo nyeusi zaidi), piga moto utakavyo. Tukakirudisha kwenye namba 10, tukaunga vipande viwili vya flati (chuma bapa) mbele yake, kioo kikafunga. Akacheka kidogo, akaomba maji ya kunywa.

Alichokuwa hajui ni kwamba kofia hiyohiyo aliyoiita feki ndiyo iliyomwokoa. Alichomelea mchana kutwa kioo hakifungi, mwanga ukamkera, lakini usiku alilala usingizi wake. Ndani ya kioo cha otomatiki kilicho halali kuna tabaka linalozuia mionzi ya urujuanimno na ile ya joto muda wote, kikiwa kimefunga au kimefunguka, hata betri ikifa. Kule kufunga ni kwa ajili ya mwanga unaouona tu. Hiyo si ruhusa ya kuchomelea na kioo kilicho wazi, maana mwanga wenyewe nao una madhara yake, ila ujue bei ya kofia inalipia nini.

Ndiyo maana miwani ya jua inatutia hasira. Mashine nyingi za bei nafuu huja na ngao ya plastiki ya kushika mkononi. Fundi mzoefu anaimudu. Anayeanza, mkono mmoja una holda inayoshika rodi ya kuchomelea, wa pili unataka kukamata chuma kisicheze, basi ngao inatupwa kando na miwani nyeusi ya barabarani inavaliwa. Wengine huvaa miwili kwa pamoja. Miwani ya jua nyeusi kabisa bado hupitisha mwanga wa asilimia 3 au zaidi. Kioo namba 10 hupitisha takriban sehemu moja kati ya 7,000. Halafu miwani ina uwazi pembeni, na uso wote uko nje. Kuna na wale wa miwani ya gesi, ile ya kijani ya duara. Hiyo ni namba 5, imetengenezwa kwa ajili ya mtungi wa gesi, na moto wa umeme siyo kazi yake.

Na kuna wanaopiga taki (vidoa vya kushikiza chuma kabla ya kuunga) kwa kufumba macho. Unafumba, unagusa, unafungua. Tatizo ni kwamba mkono ukiteleza utafungua tu uone umefika wapi, na rodi bado inawaka.

Kijana mmoja wa Mbagala alitengeneza geti la kwao kwa mtindo huo, akamaliza saa kumi jioni, macho hayana neno. Saa sita usiku akaamka anapiga kelele kwamba kuna mtu amemmwagia mchanga machoni. Ndivyo yalivyo: maumivu huja baada ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu umalize kazi, kwa hiyo mtu hujidanganya kwamba amepona. Nyumbani wakamwekea vipande vya viazi mbichi, jirani akashauri maziwa ya mama anayenyonyesha. Asubuhi ilibidi aende hospitali. Kwa kawaida hali hii hupoa kwa siku moja au mbili, lakini ni lazima jicho likaguliwe, maana huenda kuna kipande cha chuma humo. Na yale matone ya kutia ganzi usiombe uende nayo nyumbani. Yakitumiwa mara kwa mara yanaharibu kioo cha mbele cha jicho. Hesabu nauli, dawa na siku mbili bila kazi, halafu urudi kuniambia kofia ni ghali.

Namba gani basi? Wengi wa nyumbani wanatumia rodi za milimita 2.5, ambazo huenda kati ya ampia 60 na 100 (kipimo cha umeme unaouweka kwenye mashine). Chini ya ampia 80 namba 9 inatosha. Kuanzia 80 hadi 175 weka namba 10. Usikimbilie 13 kwa kudhani nyeusi zaidi ni salama zaidi. Hutaona mstari wako, utasogeza kichwa karibu na moshi, na kiungo kitatoka kibaya. Kwenye kofia ya otomatiki tafuta maandishi kama 4/9-13 (namba 4 kikiwa wazi, 9 hadi 13 kikifunga) na EN 379 (alama ya kiwango cha Ulaya cha vioo vya otomatiki). Kioo cha kawaida kiwe na namba iliyogongwa kwenye kioo chenyewe, siyo stika. Kisicho na namba hatukiweki dukani, hata kama kwa jirani kinauzwa nusu ya bei.

Kwetu otomatiki inaanzia shilingi 70,000. Ni pesa, tunajua. Kama huna, chukua kofia ya kupandisha na kushusha kwa 15,000 na kioo cheusi cha 3,000. Kinga yake ya macho ni ileile. Tofauti ni kwamba utajifunza kushusha kofia kwa kutikisa kichwa kabla ya kugusa chuma. Shingo itauma wiki ya kwanza.

Ngozi nayo watu wanaidharau. Mionzi inayounguza jicho inaunguza ngozi vilevile, na pa kwanza ni ile pembe ya kifua ambapo kifungo cha shati kimeachwa wazi. Joto la Dar es Salaam tunaliishi sote, lakini usichomelee na singlendi. Jezi ndiyo mbaya kuliko zote, iwe ya Simba au ya Yanga: ni poliesta, cheche ikitua inayeyuka na kuganda mwilini. Mteja wetu mmoja alibanduliwa kipande cha namba ya jezi pamoja na ngozi, alikuwa amelala chini ya kitanda cha chuma akiunga mguu, mwenzake juu anakata na grenda. Vaa jinzi nzito ya mtumba na shati la pamba la mikono mirefu. Suruali isikunjwe chini, maana cheche hudumbukia kwenye mkunjo, na iwe nje ya buti. Ndala hapana. Glovu ziwe za ngozi na kavu. Zikilowa jasho umeme unapita, kwa hiyo nunua jozi mbili ubadilishane.

Uani kwako angalia pia kilicho nyuma yako. Ukuta mweupe au bati jipya hurudisha mwanga, ukaingia ndani ya kofia kwa nyuma. Tundika turubai. Watoto waondoke kabisa, wao ndio wanaopenda kukodolea.

Kabla hujaturudishia kofia, angalia kitufe, kisha uone kama bomba unaloliunga au mkono wako haujaziba sensa (vijicho vya mbele vinavyohisi moto), halafu bandua ile nailoni ya kiwandani kwenye plastiki ya mbele. Plastiki hiyo ikijaa cheche usiikwangue kwa kisu, badilisha, ni 1,000. Tunaijaribu kila kofia kwa mashine ya dukani kabla hujalipa, ukiwa umeivaa mwenyewe. Ikigoma baada ya hapo ndani ya miezi sita, njoo na risiti tunakupa nyingine. Iliyokwanguliwa kwa kisu haimo.