Kuliko yetu moja, Kiitaliano kina mbili

Torino, Jumapili jioni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani Watamu. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie zile sweta alizoshikilia nizibebe sasa zinafanya kazi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Wasema wageni wa boti wanakuelewa vizuri Kiitaliano chako, ila ukifika kwenye kulinganisha, hii nafuu kuliko ile, leo bahari imechafuka kuliko jana, wanakusahihisha na hujui kosa liko wapi. Nimeona heri nikuandikie kuliko kukupigia, maana jambo lenyewe lataka kuonwa kwa macho. Na kama kweli unajiandaa kwa mtihani wa A2, ile ngazi ya pili kutoka chini, maswali ya namna hii hayakosekani humo.

Mwanzo ni mwepesi. "Più" ni zaidi, "meno" ni pungufu, na vyote viwili havibadiliki kamwe. Kinachobadilika ni kivumishi, kinachofuata nomino yake kama vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli: "barca più piccola", "barche più piccole". Alama juu ya u ya "più" usiiache unapoandika, na mkia wake unaanzia juu kushoto kushuka kulia.

Taabu yako iko kwenye neno linalofuata. Sisi tuna kuliko, na kuliko haichagui kazi: mlima kuliko mlima, kulala kuliko kuamka, Watamu kuliko Malindi, yote hiyo hiyo. Waitaliano kazi hiyo wamewagawia wafanyakazi wawili, "di" na "che". Wewe umesema "Questa barca è più grande che quella", na hapo mwenye zamu alikuwa "di": "più grande di quella".

Kabla hujafungua mdomo, hesabu wanaoshindana. Vikiwa vitu viwili vinagombea sifa moja, weka "di". "Il Kilimangiaro è più alto del Monte Bianco": milima miwili, sifa moja ya urefu (5,895 kwa kama 4,800 za mita, basi waweza kuwaambia bila woga). "Il Po è più lungo del Tevere": mito miwili, huu wetu wa hapa Torino una kilomita 652 na ule wa Roma kama 405.

Kikiwa kitu kimoja, na mambo mawili yanapimana ndani yake, weka "che". "La cabina è più lunga che larga": kijumba ni kimoja, kinachopimwa ni urefu na upana. "Sulla barca ci sono più bambini che adulti": boti moja, makundi mawili. "È più facile nuotare che remare": kitendo na kitendo. Na hapa kuna dalili ya haraka. Ukiona neno linalofuata ni "a", "in", "con" au "per", weka "che" bila kufikiri: "Fa più caldo a Malindi che a Torino". Huwezi kusema "di a Torino", ulimi wenyewe utakataa.

Kwa hesabu mambo ni rahisi, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kimekwisha kukuonyesha njia. Hatusemi "kuliko watu ishirini", twasema "zaidi ya watu ishirini", na hiyo "ya" ndiyo "di" yao: "più di venti persone", "meno di tremila scellini". Na ile sentensi yako ya bahari ni "Oggi il mare è più mosso di ieri". Jana na leo hapo ni wagombea wawili wa sifa moja, kama milima.

Sasa angalia "di" inavyoungana na kijineno kinachotangulia nomino: di na il huwa "del", na lo "dello", na la "della", na l' "dell'", na i "dei", na gli "degli", na le "delle". "Che" haiungani na chochote. Kosa ninalolisikia zaidi kwa watu wetu huku ni kuacha "di" ikiwa uchi: "più caro di albergo" badala ya "più caro dell'albergo". Jamaa wa karibu akiwa mmoja hatangulizwi kijineno, kwa hiyo "più alto di mio fratello". Wakiwa wengi kinarudi, "più alto dei miei fratelli". Majina ya watu nayo huenda peke yake.

Nafsi baada ya "di" hubadili sura: di me, di te, di lui, di lei, di noi, di voi, di loro. Ukisema "più alto di io" mtoto wa shule ya chekechea atakucheka, na ndivyo ulivyosema kwenye ujumbe, mara mbili. Na pale tunaposema "kuliko wa jana", ile "wa" inasimama badala ya pweza, basi nao wanaweka "quello" badala yake: "Il polpo di oggi è più buono di quello di ieri". Ukiiacha "quello", umelinganisha pweza na siku.

Kuna mahali wenyewe hutumia zote mbili, nawe usibabaike. "Il mare mi piace più della montagna" ni sawa, na "Mi piace più il mare che la montagna" ni sawa. Mimi hutazama "più" imekaa wapi: ikiwa katikati ya hivyo vitu viwili, "di" yatosha, ikiwa imetangulia vyote, "che" ndiyo salama. Na kama huyo wa pili hatajwi kabisa, kitenzi kinataka "di più": "Quest'albergo costa di più", nukta. Ukiishia "costa più", watakungoja umalize.

Nije kwenye "più migliore". Hilo liache leo hii. Ni sawa na mtu aseme "bora zaidi zaidi". "Migliore" tayari ina zaidi tumboni mwake, sawa na "peggiore" (baya zaidi), "maggiore" (kubwa zaidi) na "minore" (dogo zaidi). Tatizo la pili ni kwamba "bora" yetu inafanya kazi mbili ambazo wao wamezitenga. "Migliore" huelezea kitu, na wingi wake ni "migliori": "la stagione migliore", "i prezzi migliori". "Meglio" huelezea tendo, haina wingi: "Tu parli meglio di me". Jaribio ni hili: rudisha sentensi hali ya kawaida. Kama ungesema "buono" (kizuri), basi sasa ni "migliore". Kama ungesema "bene" (vizuri), basi ni "meglio". Vivyo hivyo "cattivo" (kibaya) na "peggiore", "male" (vibaya) na "peggio".

Ila mezani usijifanye mwanasheria. Chakula kitamu kuliko kingine ni "più buono", ndivyo kila mtu asemavyo. "Migliore" ni ya ubora, bei, msimu, daraja. Na mtu hodari wa kazi si "più buono", hiyo yamaanisha ana roho nzuri. Ni "più bravo". Ukimwambia mgeni kwamba nahodha wako ndiye "il più buono", atafikiri ni mpole, hatajua kama anaijua miamba.

Kwenye ndugu Kiitaliano ni maskini kuliko sisi. "Fratello" haisemi kama ni kaka au mdogo, lazima uongeze: "fratello maggiore", "sorella minore". Katika mazungumzo husema pia "più grande" na "più piccolo", na hapo wanahesabu miaka, si kimo. Kaka mfupi bado ni "più grande". "Più vecchio" kwa ndugu wawili vijana hukwaruza masikio. Na kwa kazi yako jua "maggiorenne", aliyetimiza miaka 18, na "minorenne", ambaye hajatimiza.

Ukitaka kumtoa mmoja juu ya wote, unatia "il" au "la" mbele, basi. Hapa Torino kuna soko la Porta Palazzo, na wenyeji hujisifu kwamba "è il mercato all'aperto più grande d'Europa". Itazame sentensi hiyo kwa karibu. "Il" iko moja tu, mbele ya soko, wala hairudii mbele ya "più". "Il mercato il più grande" ni mtindo wa Kifaransa. Kisha angalia "d'Europa". Sisi twasema "kubwa kuliko yote Ulaya", "mrefu kuliko wote darasani", na hiyo -ni ya darasani ndiyo inayowavuta watu wetu waseme "nella classe". Wao hapo wana "di": "il più alto della classe", "la spiaggia più bella del Kenya", "il più caro del mondo". Mgeni akishuka ufukweni akasema "È la spiaggia più bella che abbia mai visto", yaani ufukwe mzuri kuliko wote niliopata kuuona, hiyo "abbia" ni congiuntivo, hali ya kitenzi inayofuata sifa ya namna hii. Ikariri nzima kama ilivyo, itakusaidia.

Ile "sana" yetu ni "molto", au mkia -issimo. Siri ya mkia ni kuanza na wingi wa kiume, ukate i ya mwisho, kisha uunganishe. Fresco, wingi freschi, ukikata unapata fresch-, basi "freschissimo". Lungo, lunghi, "lunghissimo". Simpatico, simpatici, "simpaticissimo", bila h, maana wingi wake hauna h. Vecchio, vecchi, "vecchissimo". Mkazo uko kwenye -ìs-, na s mbili zisikike zote. Mkia nao hufuata nomino: "aragoste freschissime". Usichanganye na molto. "Molto bellissimo" ni kuvaa kofia mbili. Na kuna njia nyingine utakayoipenda, kwa kuwa ni yetu kabisa: kurudia neno. "Piano piano" ni polepole yenyewe, na "un caffè caldo caldo" haihitaji tafsiri.

Vikiwa sawa, "come" au "quanto": "Sono alto come te". Zile "così" na "tanto" zinazoweza kutangulia kivumishi, "così alto come te", mara nyingi huachwa. Ila ukihesabu vitu, "tanto" na "quanto" hubadilika navyo: "tanti remi quante barche", makasia mengi sawa na mashua.

Maneno machache hayataki "di" wala "che", na hapa hata wenye miaka mingi huku huteleza. "Preferire" inataka a: "Preferisco il tè al caffè". "Superiore" na "inferiore" pia a. "Uguale" a. Lakini "diverso", tofauti, inataka da: "diverso dal mio". Na kuna "piuttosto che", maana yake badala ya, kuliko. Huku kaskazini utawasikia wengi wanaitumia kama "au" tu, "il pesce piuttosto che la carne piuttosto che le verdure", wakimaanisha chochote kati ya hivyo. Accademia della Crusca ya Firenze, inayoilinda lugha hii tangu 1583, imekwisha kulikataa hilo, nami naikubali kwa sababu ya maana: sentensi ile ile inaweza kusema "chagua samaki au nyama" na "samaki, si nyama". Usiichukue.

Utawasikia pia wakisema "di quanto": "È più lontano di quanto pensassi", ni mbali kuliko nilivyodhani. Baada ya kuliko yetu kukija kitenzi kizima, wao huweka "di quanto" na congiuntivo, au "di quello che pensavo" ambayo ni nyepesi na kwa A2 yatosha. Halafu "sempre più caro", inazidi kuwa ghali. "Più studi, più impari", kadiri unavyosoma ndivyo unavyojua. Na "meno male", ambayo ni afadhali ile ile anayoitamka mama umeme ukirudi.

Methali moja nakupa bure, uwape wageni wanaotaka kungoja bei ishuke. Ile yetu ya heri kenda shika kuliko kumi nenda urudi, wao wanayo kwa kuku: "Meglio un uovo oggi che una gallina domani". Na sasa unajua kwa nini ni "meglio" na kwa nini ni "che".

Tafsiri hizi, unitumie kwa maandishi, si kwa sauti. Pweza ni mtamu kuliko kamba. Hii ndiyo boti kongwe kuliko zote Watamu. Dada yangu anapika vizuri kuliko mimi, lakini mimi ni hodari zaidi baharini. Kuna upepo zaidi Malindi kuliko Watamu. Tuna makasia mengi kuliko mashua. Ya pili itazame mara mbili kabla ya kutuma, ina -ni iliyojificha.

Wasalimie majirani wote.

Dada yako