Barua ya kwenye soksi

Mwanangu,

Leo sikwenda sokoni. Usishtuke, ni mafua tu, siku ya nne sasa, pua imeanza kufunguka na kichwa kimeniachia. Asubuhi nilijifukiza mchaichai, sufuria ikayumba nusura iniunguze goti. Sasa nimekaa ukumbini na khanga mbili mabegani kama bibi yako, upepo wa kusi unabamiza mlango wa uani, nyumba kimya hadi nasikia friji inavyonguruma. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza tu unasema "mama, nitakupigia baadaye".

Mdogo wako kaniambia. Usimgombeze, nilimbana. Kumbe mwaka jana chuoni ulilala na homa siku tatu, na mimi kila jioni nakupigia unanijibu "salama mama, nimekula". Umekula nini? Jumapili unapanda basi la Njombe, kisha Makete kuanza kazi ya ualimu, na huko huna mwenzako wa chumbani wa kumnong'oneza mdogo wako. Ukiumwa, sema.

Baridi ya Makete huijui. Sisi wa Tanga Julai hii tunajikunyata tukasema baridi. Kule alfajiri nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu. Watu wa huko huota moto wa mkaa, nawe utaota, lakini usilale na jiko chumbani umefunga madirisha. Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, mtu analala moja kwa moja. Ota jikoni, kisha uende kitandani na soksi zako.

Na homa usiisikilizie. Utasema kule juu mbu ni wachache. Sawa, lakini malaria unaweza kuondoka nayo huku pwani ndani ya damu, ikakuibukia ukiwa umeshafika, wiki ya pili hivi. Mwambie daktari umetoka wapi, akupime kidole. Halafu unipigie siku hiyohiyo, si ukishapona.

Najua utakachojibu, kwamba hata mimi nikiumwa huenda sokoni kimya kimya. Lakini mimi vitumbua lazima nivichome, ada haikungoja kifua kipone. Wewe una mshahara na bima.

Jana nilikuwa natafuta dawa ya kuchua kwenye kabati, nikakutana na zile kapsuli za rangi mbili, antibaotiki, nne zimebaki kwenye karatasi yake. Ni zako za kidato cha pili, za koo. Ulipoanza kucheka siku ya tatu nikasema inatosha, nyingine tumwekee mdogo wako. Naye alipopata mafua nilimpa mbili. Nesi wa zahanati alishanieleza kuwa mafua hayasikii dawa hizo, na ukiandikiwa dozi unaimaliza. Nikamwitikia haya, haya. Nimezifunga kwenye mfuko nizirudishe kwao. Usimwambie mtu.

Shangazi yako ametangaza mtaa mzima, "mwalimu wetu wa fizikia". Mimi nilijifanya sisikii, ila siku ile nilikwenda dukani mara mbili na sikuwa na cha kununua. Ungekuwa na adabu ya kupiga simu kama ulivyo na akili ya hesabu, nisingekuwa na neno.

Sweta la bluu nimelifua, liko chini ya mashuka. Asali imo kwenye chupa ya maji, nimeifunga nailoni mbili, isimwagike kwenye vyeti. Kikohozi kikikusumbua usiku, kijiko kimoja na maji ya moto. Lakini ukiona unabanwa na pumzi usikae na asali yangu, nenda hospitali. Na useme.

Mpangaji wa chumba cha mbele ana miezi miwili hajalipa, na jana kanunua redio. Umeme wa LUKU tunanunua wa elfu tano tano. Kuku mwekundu ameacha kiota, anatagia kwenye ndoo ya vibanio vya nguo, leo nimekuta yai bado la moto.

Begi nalituma na basi la asubuhi, mama yako mdogo atalipokea stendi. Na ufunguo wa kabati la vyombo umeondoka nao, uangalie kwenye pochi ya kahawia. Mpe kondakta kabla basi halijageuza. Wageni wakija Ijumaa nitawapa chai kwenye vikombe vya plastiki.

Mama yako