Sanduku la barafu, kabla hujarudi ziwani

Kisumu, Jumapili usiku

Mulembe Wafula,

Barua yako ilinifikia Alhamisi nikiwa karakana, randa mkononi, nikaisoma nikiwa nimesimama. Nashukuru kusikia mama watoto amepata nafuu na mvua ya Nakuru imeanza vizuri. Huku tu wazima. Joto tu ndilo limetukalia, adhuhuri hata mbwa hawatoki kivulini.

Sasa tuzungumze habari ya samaki wale waliowaharibikia njiani. Umeandika kwamba huenda mlizembea, kwamba pengine mngenunua barafu nyingi zaidi. Ndugu yangu, simu yako ile kutoka Salgaa bado inaniuma. Mbuta wawili na ngege wale wote, watu wamekesha majini kuwatafuta, halafu unafungua boksi la barafu unapokewa na harufu. Lakini kosa si lenu lote. Unakumbuka nami nilikuwa na boksi kama hilo, tulilonunua duka moja? Baada ya simu ile nililikata kwa msumeno ili nijue ukweli. Ubavuni nimekuta povu la unene wa kidole. Kwenye kifuniko sikukuta kitu. Ni ganda la plastiki juu na ganda chini, katikati hewa tupu. Mlisafiri na barafu chini ya paa la bati lisilo na dari.

Kwa hiyo niliamua tutengeneze letu, na la kwanza limeshakamilika. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu nataka nawe utengeneze la kwako huko, usingoje langu.

Nianze na hesabu maana ndiyo iliyonifungua macho. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunywa joto jingi mno, kiasi ambacho kingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi 80. Ndiyo nguvu yake yote. Haitengenezi baridi, inakunywa joto mpaka inakwisha. Basi kazi ya sanduku ni moja tu, kuhakikisha joto linaloingia ni kidogo. Nimepiga hesabu ya sanduku lenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40, likiwa mahali penye joto la nyuzi 28. Kuta zake zikiwa na polistirini ya sentimita 5, litakula takriban kilo 8 za barafu kwa siku hata kama hakuna samaki ndani. Ukiongeza unene ufike sentimita 10, litakula karibu kilo 5. Samaki nao wana fungu lao. Maji ya ziwa letu huwa na joto la nyuzi 25 hivi, na samaki anatoka na joto lilelile. Kilo 20 za samaki zitakula kilo 5 au 6 za barafu kabla hazijapoa. Siku mbili basi, kwa kuta za sentimita 10, ni kilo 16, na bado hujafungua kifuniko hata mara moja. Ndiyo maana wavuvi wakongwe husema kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Nilikuwa nadhani wanasema ovyo.

Polistirini ninayosema ni yale mabamba meupe yanayowekwa kwenye katoni za televisheni, yanayovunjika punje punje. Sokoni Kibuye siku ya Jumapili wapo wanaoyauza, na maduka ya vifaa vya ujenzi huwa nayo mapya. Chukua yaliyoshikamana sana, yale ambayo ukibonyeza kwa kidole gumba hayabaki na shimo. Yapange tabaka mbili za sentimita 5, na maungio ya tabaka la juu yasikae juu ya maungio ya la chini. Tahadhari na gundi. Ile gundi ya viatu yenye harufu kali inayayeyusha mabamba hayo mbele ya macho yako. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Resini ya mafundi wa mashua, ile ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, nayo huyala vivyo hivyo, nami nimepoteza bamba zima kwa kujifunza hilo.

Utanisahihisha wewe uliyesoma ufundi, lakini mimi nimeunda masanduku mawili, moja ndani ya jingine. La ndani ni plaiwudi ya milimita 6, la nje milimita 9, katikati polistirini. Kwa nje linafika sentimita 83 kwa 63. Usiogope ukubwa, nimepima nyuma ya gari la shemeji, ile Probox, na linaingia. Likijaa litataka wanaume wawili kulinyanyua. Jambo ambalo fundi mwingine angekosea ni kuunganisha sanduku la ndani na la nje kwa vipande vya mbao ili liwe imara. Mbao hupitisha joto mara 3 au 4 kuliko polistirini, na kila kipande kinakuwa daraja la joto kuingia. Acha polistirini yenyewe ibebe sanduku la ndani. Haitalegea ikiwa imekaa sawasawa bila kubanwa kwa misumari. Juu tu, kwenye ukingo, ndipo plaiwudi mbili zinapokutana, na hapo nimetumia ubao mwembamba kadiri nilivyoweza.

Adui mwingine ni maji. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 15 kuliko polistirini, kwa hiyo kuta zikilowa ndani umebaki na sanduku la mbao tu. Ndani nimepaka resini na fiberglasi (kitambaa cha nyuzi za kioo) juu ya plaiwudi, tabaka mbili, pembe zote zimezungushwa zisiwe na kona kali, kisha nikaliacha wazi juani siku tano mpaka harufu ikaisha. Nikaliosha kwa sabuni mara tatu. Mama alikuja akalinusa pembe kwa pembe, akasema sasa unaweza kuweka chakula. Nje nimepaka rangi nyeupe ya mafuta. Hiyo si kwa urembo, ni kwa sababu ya jua la kwenye mashua.

Nifike kwenye kifuniko sasa, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kukitengeneza kumenichukua siku nne, ilhali kuta zote nne zimenichukua siku mbili. Nacho kina polistirini ya sentimita 10, lakini nusu yake inateremka ndani ya sanduku kama kizibo cha chupa, na kwenye ukingo nimezungusha mpira wa mlango wa friji niliouokota kwa fundi jirani aliyekuwa anaubomoa. Komeo mbili za kuvuta, kushoto na kulia, zinakibana chini. Jaribio langu la kwanza nililifanya usiku. Niliweka tochi inayowaka ndani, nikafunga, nikazima taa ya karakana. Mwanga ulionekana kwenye pembe moja, mwembamba kama uzi. Niling'oa mpira nikauweka upya. Jaribio la pili ni la karatasi. Unafunga kifuniko juu ya kipande cha gazeti kisha unavuta. Kikitoka bila kushikwa, pale pana njia ya hewa. Nimezunguka kifuniko chote kwa gazeti mara tatu, na sasa kila upande gazeti linachanika.

Chini kuna tundu la maji. Maji yenye damu hayatakiwi kukaa chini ya samaki, lazima yatoke. Lakini tundu wazi hutoa baridi yote, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hukimbilia chini. Nimeunga mpira mwembamba ulioteremka, kisha ukapanda kidogo, kama shingo ya bata, ili maji yanayobaki kwenye mkunjo yawe kizibo. Kwa ndani nimeweka kichanja cha fito za plastiki chini kabisa, samaki wasilale majini.

Unaweza kushangaa kwa nini nashughulika hivi na sanduku. Wewe humkumbuki mama vizuri miaka ile alipokuwa akichuuza samaki ufuoni Dunga, maana ulikuja kwetu tukiwa darasa la saba. Mashua zilirudi asubuhi, na saa nne alikuwa ameshapanga ngege wake juu ya gunia. Mpaka saa saba bei ilikuwa yake. Kuanzia saa nane, bei ilikuwa ya mnunuzi. Samaki yule aliyeuzwa vizuri asubuhi, jioni aliuzwa nusu bei, na aliyebaki mama alimkaanga usiku ili asiharibike, mafuta yakila faida. Nilikuwa namwona anamwagia maji samaki kila nusu saa, akiwafunika kwa majani ya ndizi, akiangalia jua. Barafu aliijua, lakini hakuwa na cha kuiweka. Sanduku kama hili lingemwongezea siku mbili za kungoja bei nzuri. Nimelitengeneza kwa ajili ya safari zetu, ni kweli, lakini nilipokuwa nikipaka rangi nilikuwa namfikiria yeye, na la pili, dogo zaidi, ni la mdogo wangu wa kike ambaye sasa anachuuza ufuoni.

Nirudi kwako. Usiku kabla ya safari, weka ndani chupa chache za maji yaliyogandishwa, ili kuta zipoe kwanza. Barafu ya kesho isitumike kupoza mbao. Chupa hizo usizijaze pomoni. Maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9 na chupa hupasuka. Kwa safari chukua barafu za aina mbili. Ya kusaga hupoza haraka kwa sababu inamgusa samaki kila mahali, ya bonge hudumu. Ya kusaga iende na samaki, bonge likae pembeni chini, na juu ya samaki wa mwisho lazima pawe na barafu, maana baridi huteremka.

Na samaki asingoje. Akishatoka majini, toa matumbo na matamvua, mwoshe, mweke kwenye barafu papo hapo, tumbo likitazama chini ili maji yasikae ndani yake. Mkimwacha juani kwenye sakafu ya mashua mpaka wa mwisho apatikane, sanduku halina dawa. Nadhani hapo ndipo mlipopotezea nusu ya safari ile, maana wa kwanza alivuliwa saa mbili na boksi likafunguliwa saa sita. Sasa nimekwambia ukweli nikijua hutachukia.

Funika sanduku kwa gunia lililolowa. Upepo wa mashua hulikausha, na kule kukausha huondoa joto. Msifungue kutazama. Kama kuna watoto kwenye gari, chupa za maji ya kunywa ziwe na boksi lao dogo. Mkiwa njiani kurudi Nakuru, mkishapita Ahero na Awasi, barabara inaanza kupanda, na ukifika Kericho utataka sweta. Kutoka hapo joto halitawasumbua sana. Joto la hapa chini, kati ya ufuo na Awasi, ndilo lenye kula barafu.

Tulijaribu langu Ijumaa iliyopita, likiwa na kilo 20 za barafu na bila samaki, nikaliacha karakana limefungwa. Leo jioni, baada ya siku mbili na kidogo, nimelifungua na kupima kilichobaki kwa mizani ya sokoni. Zimebaki kilo 9. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Hesabu ilikuwa imesema kilo 10 zingeyeyuka na zimeyeyuka 11, basi fundi wenu hajakosea sana.

Sasa nakungoja mwisho wa mwezi. Mjomba wetu wa Port Victoria amesema mashua iko, na nyavu zake ziko sawa, tukiondoka hapa Ijumaa usiku tutafika kabla ya alfajiri. Barafu nitanunua huku. Wewe leta visu vyako, vile vya kupasulia, na ile mizani ya kuning'iniza. Plaiwudi ya milimita 6 ikipatikana huko kwa bei nzuri, ninunulie mbao mbili, nitakurudishia pesa. Sanduku la dada yangu linangoja kifuniko.

Msalimie mama watoto na watoto wote. Mama anakusalimu, ameuliza mara mbili kama bado hupendi kichwa cha ngege.

Wako,
Otieno