Kuhusu ile chupa ya Bi Mkubwa

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, maana ya kwanza ilinikuta jikoni na wali unataka kuungua. Pole sana na Bi Mkubwa. Sukari ya kumi na nne kabla hajatia kitu kinywani si kidogo, lakini hata mimi nilianzia huko huko, na leo unaniona nadunda.

Umeuliza kama anywe hayo maji ya karela, lile tunda chungu, aliyonunuliwa na kaka yako, na kama vidonge vyake vya sukari aviache kama muuzaji alivyomwambia. Vidonge asiache. Nalitanguliza hilo, hata ukiitwa na wanao kabla hujamaliza kusoma uwe umelipata.

Sasa nikupe kisa ambacho sikukwambia kwa aibu. Mwaka wangu wa pili wa kisukari nilikuwa nameza vidonge viwili vya kushusha sukari, metfomini na glibenklamaidi. Nikasikia karela inashusha sukari, nikawa nasaga mbichi kila alfajiri, glasi nzima, daktari simwambii. Siku ya nne, ndani ya daladala, jasho likanitoka kama nimemwagiwa ndoo, mikono inatetemeka, nataka kusema "shusha" neno halitoki. Kijana mmoja akaninywesha soda yake. Zahanati waliponipima, na soda ile imo tumboni, mashine ikasoma 3.1, na chini ya 4 tayari ni kushuka. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, hata kama hujala, nami nikaongeza karela juu ya tumbo tupu. Kwa hiyo sikwambii karela haina kitu. Ina kitu, ila glasi haina kipimo: tunda changa si sawa na lililokomaa, la masika si sawa na la kiangazi. Tena mbegu zake zina kemikali iitwayo visini, inayoweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, na watu hao huku pwani tunao wengi tu.

Kinachonichekesha ni huyo muuzaji kumwambia mama aache "kemikali" arudi kwenye mimea. Metfomini yenyewe ilianzia kwenye mmea! Ulaya kuna mmea uitwao Galega, waliutumia zamani kama dawa ya kienyeji, na kondoo akiula mwingi hufa. Miaka ya 1920 waliwajaribia wagonjwa galegini iliyotolewa humo, sukari ikashuka, lakini sumu yake ikawashinda wakaiacha. Metfomini, ndugu yake aliye mpole, ilitengenezwa Dublin mwaka 1922 ikawekwa kando, mpaka daktari Jean Sterne wa Paris alipotoa matokeo ya wagonjwa wake mwaka 1957. Marekani waliipitisha 1994. Hesabu mwenyewe hiyo miaka, kisha umfikirie mtu aliyechemsha mzigo wake wiki iliyopita.

Hata hivi vidonge vipya vinavyofanya figo zimwage sukari kwenye mkojo, kina dapagliflozini, vimetokana na floridzini, iliyopatikana kwenye magome ya mtufaha (ule wa epo, si tufaha zetu) mwaka 1835. Mimea siidharau hata kidogo. Muhimbili wana taasisi nzima ya tiba asili.

Lakini ukisikia "imethibitishwa maabara", uliza imethibitishwa kwa nani. Mara nyingi ni panya aliyechomwa sindano ya kuua seli za kongosho, akapewa dondoo la majani. Bi Mkubwa kongosho lake halijauawa, mwili wake ndio umeacha kuisikia insulini vizuri. Mdalasini nao ulisifiwa hivyo hivyo. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, kundi la watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 10 yenye watu 577, wakasema ushahidi hautoshi kuupendekeza kwa kisukari. Kwenye chai autie, una harufu nzuri.

Halafu kuna neno umelisema kwa kupita: eti maji yale "si machungu sana, yana utamu kwa mbali". Zuhura! Wewe umekula karela kwa mama yangu mpaka ukatoa machozi. Utamu umetoka wapi? Kama ni asali, basi mama anakunywa sukari asubuhi na jioni kwa jina la dawa. Na ukiona sukari imeporomoka ghafla, uogope vilevile: nchi za nje zimeshakamatwa chupa za "mitishamba mitupu" zikakutwa zimetiwa glibenklamaidi.

Ichukue chupa hiyo uende nayo kliniki, umwoneshe daktari, mama akiwepo. Asione haya, wameshaona makubwa kuliko hayo. Uwatu aloweke atie kwenye mchuzi kama anavyopenda, ule utelezi wake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu, lakini hilo nalo alitaje. Na ugali upungue, hapo ndipo mtakapogombana.

Karela zangu za uani zimetambaa mpaka kwa jirani. Jumanne nitakupakilia fungu kwenye basi la asubuhi, kalipokee mapema. Zikaange na kitunguu na nyanya, mbegu utoe. Blenda uifiche.

Msalimie Bi Mkubwa, na kesho ukimpima nitumie namba.

Wako,
Mwanaidi